Ukiangalia picha ya vita, mtafute aliyebeba mzigo

Swali la msomaji kutoka Moshi: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari tangu 1991 na mwezi Desemba nastaafu. Tangu nikiwa mtoto ninayetoroka nyumbani kwenda jumba la sinema mjini, napenda sana picha za vita na habari za majeshi: nani alimzunguka nani, kwa bunduki gani, chini ya jenerali gani. Mke wangu anauliza kama nitazeekea mbele ya televisheni. Kijana wangu aliye chuo kikuu anasema picha hizo ni uongo mtupu, haifai mwalimu wa historia kuzipenda. Niambie ukweli: zimenifundisha au zimenidanganya? Na nikitaka kuyafuata mapenzi haya kwa uzito, hapa nilipo nianzie wapi?"

Marahaba, Mwalimu. Hongera kwa kufika salama mwisho wa safari ya chaki.

Swali lako nimelisoma mara tatu kwa sababu ni langu pia. Nilistaafu miaka kumi na moja iliyopita kutoka chuo cha ualimu, naishi Arusha, na haujapita mwezi bila kuangalia picha ya vita. Jibu langu fupi ni hili: zimekufundisha mengi ya kweli kuhusu bunduki, na zimekuficha karibu kila kitu kuhusu mzigo. Kijana wako anakosea anaposema ni uongo mtupu. Picha nzuri ya vita haidanganyi sana katika inachokionyesha. Uongo wake uko pale ambapo kamera haikugeuka.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisema, "Steringi hafi." Ukumbi mzima unajua. Risasi zinampita kushoto na kulia, wenzake wanaanguka, yeye anabaki. Mimi sina ugomvi na kofia iliyokosewa rangi wala kifaru cha mwaka 1950 kilichowekwa kwenye vita vya 1942. Kinachoharibu akili ya mtazamaji ni hiyo sheria ya steringi. Ukishajua kwamba hafi, huulizi tena amekula nini, amelala wapi, na nani kamletea zile risasi mia mbili alizokwisha kupiga tangu picha ianze. Na katika vita vilivyopita hapa kwetu, maswali hayo ndiyo yaliyoamua nani abaki na nani aondoke.

Chukua kalamu tufanye hesabu ambayo nimeifanya na wanachuo wangu kila mwaka. Mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapa kwetu, alibeba kilo 25 hivi. Tuseme ni unga. Naye ni mtu, anakula. Tuseme kilo moja kwa siku, ingawa mara nyingi hakupata hata hiyo. Kikosi kiko mwendo wa siku kumi kutoka reli inapoishia. Akifika ameshakula kilo kumi, na anahitaji kumi nyingine za kurudia. Zimebaki kilo tano za kumpa askari. Sasa kisogeze kikosi hadi mwendo wa siku kumi na tatu. Mpagazi anakwenda na kurudi, mzigo wote umeishia tumboni mwake, na bado anadaiwa kilo moja. Ili jeshi lisonge mbele siku tatu tu zaidi, lazima uweke wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na nyuma yao wengine wa kuwalisha hao. Wanachuo wakifika hapo darasa hunyamaza, maana wameona wenyewe kwa nini Waingereza waliandikisha watu wanaokadiriwa kufika milioni moja, wengi wao kwa kukamatwa tu vijijini, na kwa nini makadirio ya wapagazi waliokufa upande wao yanafika 95,000. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia, na uchovu.

Jina lao umelitamka mara elfu ukienda Dar es Salaam kununua vitu. Kariakoo ni kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kikasemwa kwa ulimi wetu. Na ile Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, juu ni askari na bunduki yake, lakini maandishi ya chini yanawataja pia wachukuzi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Ila mchongaji hakuweka mzigo hata mmoja pale juu.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokupa. Ukikaa kuangalia picha, usimtazame steringi. Mtafute aliyebeba mzigo, halafu uone kamera inamfuata kwa muda gani.

Tukipime kwa picha inayoihusu nchi yetu. The African Queen ya mwaka 1951 inasimulia mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ingawa ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studio huko Uingereza. Mwanzoni kabisa jeshi la Mjerumani linavamia kijiji cha misheni, linachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji waende kulitumikia. Hilo ni kweli tupu, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Kisha mlango unafungwa, na wale watu hatuwaoni tena hadi mwisho. Tunabaki na Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, ndani ya boti ya mvuke, hadi meli ya Wajerumani inapozama ziwani.

Meli yenyewe unaifahamu. Ilikuwa Graf von Götzen, ikaundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuungwa upya. Iliingia majini mwaka 1915. Hakuna shujaa aliyeilipua. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, tena baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisile kutu, maana walitumaini kurudi. Iliibuliwa mwaka 1924 na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Zile boti mbili ambazo Waingereza walizituma kweli kulitawala Ziwa Tanganyika, Mimi na Toutou, zilivutwa kupita milima ya Kongo kwa trekta za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya vibarua waliofyeka njia na kujenga madaraja. Niambie, Mwalimu, kati ya hivyo viwili, kipi kingekuwa picha bora? Mimi ningelipa kiingilio kuwaona wale vibarua.

Hata hivyo usiiache. Iangalie tena kwa zile dakika za mwanzo, kisha izime, uandike ukurasa mmoja: watu wale walipelekwa wapi. Zoezi hilo litakufaa kuliko vitabu vitano.

Nyingine nitazipitia haraka. Zulu ya mwaka 1964, kuhusu mapigano ya Waingereza na Wazulu pale Rorke's Drift, Afrika Kusini, Januari 1879, inamalizia kwa mashujaa wa Kizulu kusimama kilimani kuwapa heshima Waingereza waliosalia. Jambo hilo halikutokea. Limebuniwa ili mtazamaji atoke roho yake imetulia. Lakini aliyeigiza kama mfalme Cetshwayo ni Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wa Cetshwayo wa kweli, na kwa hilo tu mimi huirudia. Ukiweza kuipata Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, iangalie na mkeo, usiiangalie peke yako. Ni habari ya askari wa Kiafrika waliorudi Senegal baada ya kuwa mateka wa Wajerumani, wakadai malipo yao, na alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 wakapigwa risasi na jeshi lile lile la Ufaransa walilolipigania. Na kijana wako mwulize kuhusu Indigènes ya mwaka 2006, inayowahusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa. Ilipotoka, serikali ya Ufaransa ilikubali kuwapandishia pensheni wazee hao waliokuwa wamepunjwa kwa miaka mingi. Picha ya vita iliyowaongezea wazee pensheni: aseme tena kama ni uongo mtupu.

Sasa njoo kwenye ardhi yako, kwa sababu hapo ndipo swali lako lina uzito.

Umeishi na kufundisha katikati ya uwanja wa vita. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, alifika nchini Januari 1914. Vita ilipoanza Agosti, aliona mapema kwamba ufunguo uko upande wa Kilimanjaro, akaweka makao yake Moshi. Sababu ni maji na reli. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilikuwa karibu kiasi cha kuivamia na kuilipua. Na kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu. Jeshi litakalotoka upande ule halina pa kunywa mpaka lifike Taveta, palipo na mito na mabwawa. Mwezi huo huo wa Agosti Wajerumani wakaitwaa Taveta, wakakaa kwenye maji, wakamwachia adui kiu. Waingereza ilibidi mwaka 1915 walaze reli na bomba la maji kutoka upande wa Voi, kilomita kwa kilomita, kabla ya kuthubutu kuja. Bomba la maji halimo kwenye picha yoyote ya vita niliyowahi kuangalia.

Anza hivi. Panda gari la Holili asubuhi, vuka mpaka na hati zako, ingia Taveta. Mashariki ya mji kuna kilima kidogo kimesimama peke yake kwenye tambarare, Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 askari wapya kutoka Afrika Kusini walikishambulia wakiamini kwamba askari mweusi hawezi kusimama mbele yao. Askari wa Lettow-Vorbeck waliwangoja kwenye mahandaki, wakawarudisha mbio. Waliozuia yasiwe maangamizi ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau na kuwaita makuli. Inasimuliwa kwamba baadaye Wabaluchi waliwarudishia mali waliyoiacha uwanjani pamoja na ujumbe wa adabu kabisa, wakiomba wasiitwe tena jina hilo. Kilima chenyewe ni kifupi, na ukikitazama utajiuliza kwa nini watu wafe kwa ajili ya kitu kama kile. Simama mguuni pake saa sita mchana bila maji, jibu utalipata.

Magharibi ya Taveta kuna Latema na Reata, vilima viwili na njia katikati. Waingereza walipanda jioni ya 11 Machi 1916, wakarudishwa, wakapanda tena usiku. Kulipokaribia kucha makamanda walidhani wameshindwa, kumbe huko juu kulikuwa kumebaki vikundi vidogo vya watu waliong'ang'ania mawe usiku kucha, na Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Moshi ikatwaliwa katikati ya mwezi huo.

Halafu nenda Kahe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Kahe ndipo mimi nilipobadilika.

Watu wa Moshi huiona Kahe kama stesheni tu ya kupita na mashamba ya mpunga na mahindi. Lakini reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita pale, na reli ile ya kivita ya Waingereza kutoka Voi ilikuja kuungana nayo pale pale. Kati ya 18 na 21 Machi 1916 Wajerumani walijipanga kwenye vichaka na mito ya Kahe kuzuia adui asiifuate reli kuelekea Tanga. Walikuwa na mzinga mmoja uliotoka kwenye meli ya kivita Königsberg. Meli hiyo iliharibiwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na mizinga yake kumi ikatolewa na kuvutwa nchi kavu. Usiku wa tarehe 21 waliondoka. Daraja la reli walikuwa wameshalivunja, na mzinga wakaulipua wasiuache mzima.

Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na ramani yangu na mishale yake myekundu na ya bluu, kama tulivyozoea kuchora ubaoni. Nilikuwa natafuta ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Ilikuwa Machi, mvua za kwanza zimenyesha. Hatua mia tatu kutoka njiani viatu vyangu vilikuwa vimebeba udongo mweusi ule unaoshika kama ulimbo, kila mguu kama kilo mbili zaidi. Nikavua viatu. Nikafikiria mtu mwenye kilo 25 kichwani, pekupeku, hajala tangu jana, anavuta kamba ya mzinga wa meli katika tope lile. Nikaikunja ramani. Tangu siku ile, nikiangalia picha yoyote ya vita, hutazama kwanza miguu ya watu.

Na ni tope hilo lililosimamisha vita. Masika ilipoanza, Jan Smuts, aliyekuwa amechukua ukamanda wa Waingereza mwezi uliotangulia, alikwama. Kikosi chake kimoja chini ya van Deventer kilitoka huku kwetu Arusha mwanzoni mwa Aprili. Kiliuzunguka mlima Lolkisale, wenye maji katika nchi isiyo na maji, askari zaidi ya 400 wakajisalimisha pale, kikaendelea hadi Kondoa. Farasi walikufa njiani kwa mamia, kwa ndorobo na magonjwa. Waliofika Kondoa walifika wamechakaa kiasi kwamba ilibidi wakae tu.

Tanga utakwenda siku nyingine, na uende na wajukuu, maana ina mambo ya kusisimua. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli watu kama 8,000 kuuteka mji uliolindwa na watu wasiozidi 1,000 hivi. Kabla ya kushuka walitoa onyo na kupoteza muda, na muda huo Lettow-Vorbeck aliutumia kushusha vikosi vyake kwa treni kutoka Moshi, kilomita 350 hivi. Alipofika alipanda baiskeli usiku akazunguka mji hadi karibu na bandari kujionea mwenyewe. Baiskeli! Ukiona hilo kwenye picha utasema mtunzi amezidisha. Habari za nyuki walioingia vitani pia ni za kweli. Risasi ziliwachokoza kwenye miti, nao waliwauma wa pande zote, bila kuajiriwa na Mjerumani kama magazeti ya Uingereza yalivyodhani. Waingereza walirudi melini tarehe 5 wakiacha bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Lakini ukiwasimulia wajukuu habari za nyuki, wasimulie na treni. Waliojenga ile reli, waliokata kuni za injini, waliopakia: bila hao, nyuki wasingetosha.

Jambo moja nakuomba ulipe nafasi yake peke yake. Panda Old Moshi. Kabla ya vita hivi vya Wazungu kwa Wazungu, Mangi Meli aliwapiga Wajerumani pale Juni 1892, na von Bülow, aliyekuwa akiwaongoza, akafa. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na wakuu wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Familia yake imekuwa ikikitafuta kichwa chake Ujerumani kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyoko huko na familia zilizo hai za Kilimanjaro. Cha Meli hakijapatikana. Huko usiende kama mpenzi wa picha. Nenda kama unavyokwenda msibani, usikilize wenyeji wakuelekeze.

Kisha kuna vita ambavyo wewe na mimi tunavikumbuka. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi Mwalimu Nyerere aliposema redioni: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na nilichokiona kwa macho yangu hakikuwa bunduki. Yalikuwa malori. Ya watu binafsi, ya mashirika, ya vyama vya ushirika, yakikusanywa kwenda magharibi. Jeshi lilivimba haraka kwa mgambo hadi kuzidi 100,000, na kila mmoja wao ilibidi ale ugali upande wa pili wa nchi. Hesabu yetu ya mpagazi, ila sasa kwa dizeli. Baada ya hapo tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na wewe unajua jinsi mkanda ule ulivyofungwa na haukufunguka.

Wanafunzi wako wa Moshi, je, wanajua kwamba serikali iliyomrithi Amin ilizaliwa mjini kwao? Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule. Siku kumi na sita baadaye Kampala ikaanguka. Nimewahi kusimama mbele ya walimu vijana wa historia arobaini na kuwauliza mkutano huo ulifanyika wapi. Walijibu wawili.

Askari wadogo kabisa wa Kagera sasa wanakaribia miaka sabini. Wamejaa Kilimanjaro na Arusha, wengine ni majirani zako, unasalimiana nao kanisani au msikitini bila kujua. Hiyo ndiyo kazi ya kustaafu kwako, Mwalimu, na hakuna mtu mwenye sifa zake kukuzidi: unajua historia, unajua kusikiliza, na una muda. Ila nikuonye kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1986 nilikwenda kumwona mzee mmoja wa upande wa Rombo aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nilikuwa na kichwa kimejaa picha. Nilikaa, nikapewa chai, na swali langu la kwanza likawa, "Mzee, uliua Wajapani wangapi?" Alinitazama kwa muda. Akainuka, akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilingoja hadi jioni na hakurudi. Nilipokwenda tena miaka michache baadaye alikuwa ameshazikwa. Binti yake alinihurumia, akanitolea mestini ya mzee, bati lake la kulia chakula jeshini. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, mkono wake umefungwa kwa waya, na chini namba yake ya jeshi imekwaruzwa kwa msumari, tarakimu moja moja kwa uangalifu. Walikuwa wakiitumia kupimia mahindi ya kuku. Akaniambia baba yake hakusimulia vita, isipokuwa jambo moja: mvua ya mwaka 1944, walivyokuwa wakishuka bondeni kuelekea mto Chindwin, na nyumbu wake aliyekuwa akibeba risasi akazama kwenye tope, na yeye akalia. Mtu mzima, askari, alimlilia nyumbu. Habari ile angenisimulia mwenyewe kama ningemuuliza kuhusu mzigo.

Kwa hiyo usiulize habari za kuua. Siku ya kwanza usitoe hata kalamu. Uliza walikula nini, viatu vilidumu muda gani, barua zilifikaje, nani alilala pembeni yake, yuko wapi sasa. Akianza kuchora chini kwa kijiti, hapo msogelee. Mkewe naye asikilizwe, maana kuna vita vya aliyebaki na kahawa haijachumwa na watoto watano. Na lolote atakalosema lisitoke nje bila ruhusa yake.

Onyo la pili ni dogo. Ukionekana Kahe au Taveta na ramani ya zamani, watu watasema unatafuta mali za Mjerumani, na wapo watakaokufuata na majembe. Usichimbe wala usinunue chochote kilichochimbwa. Ganda la risasi likishatolewa mahali pake halisemi tena nani alisimama pale. Kuna pia risasi za zamani ambazo bado zinalipuka.

Mkeo mwambie hutazeekea mbele ya televisheni; utarudi nyumbani na matope. Televisheni iwe ya jioni tu, na kijana wako akija likizo mziangalie picha pamoja, ubishi uendelee, unanoa.

Mimi huenda Kahe kila mwaka tarehe 21 Machi. Tukutane stesheni saa mbili asubuhi. Viatu vije vile ambavyo hutavililia, maana masika huwa imeshaanza.